Mama Meno na Moshi wa Nyumba Yangu

Kabla hajamwambia binti yangu afungue mdomo, alininusa mimi.

Nasema alininusa, na sitanii. Aliinuka kwenye kiti chake, akanizunguka, akashika kola ya jaketi langu la gereji kwa vidole viwili, akaisogeza puani na kufumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akawageukia akina mama waliojaa kwenye benchi la korido, mlango ukiwa wazi, akatangaza:

"Huyu baba anavutanga sigara! Na anavutia ndani ya nyumba!"

Benchi zima likanitazama. Muhonja, binti yangu wa miaka minne, ambaye shavu lake lilikuwa limevimba kama ameficha andazi, akaacha kulia kwa mshangao.

Hivyo ndivyo nilivyofahamiana na Mama Meno.

Kwenye beji yake aliandikwa ofisa wa afya ya meno. Jina la Mama Meno alipewa na watoto, wazazi wakalichukua, na mwishowe hata wakubwa wake pale kituo cha afya wakawa wanamwita hivyo. Sijui alizaliwa wapi, wala sikuwahi kumuuliza ukoo wake. Ninayoyajua ni yale niliyoyaona kwa miaka minane: pale kituoni, kwangu Amalemba, na siku moja kule Matete. Lakini hayo tu, nikianza kuyasimulia, nashindwa kukaa kwenye kiti.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye viatu vya raba vilivyolia chwi chwi sakafuni. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili. Ukiwa nje langoni ulisikia, "Fungua! Kubwa! Kama kiboko!" na ukajua yuko kazini. Wazazi wengine walimwogopa. Watoto, ajabu, hawakumwogopa hata kidogo, na sababu niliiona siku ile ile ya kwanza.

Baada ya kuniaibisha, alichuchumaa mbele ya Muhonja, akafungua mdomo wake mwenyewe wazi kabisa, akasema kwa shida, ulimi ukiwa nje, "Nihesabie." Muhonja akaangalia. Akainua kidole. Moja, mbili, tatu... Alipofika upande wa kushoto juu, akasimama.

"Hapa hakuna."

"Ehe! Umeona? Hata mimi sina moja. Sasa nami nikuhesabie."

Na mtoto aliyekuwa amenipiga mateke njia nzima kutoka nyumbani akafungua mdomo kama ndege mdogo.

Nilichungulia pamoja naye. Sikuwa nimewahi kutazama ndani ya mdomo wa binti yangu kwa taa kali namna ile. Meno ya mbele yalikuwa na michirizi ya kahawia karibu na ufizi. Magego mawili ya chini yalikuwa yametoboka, meusi.

"Mnampigisha mswaki?" akauliza.

"Kila siku. Mama yake hasahau."

"Peremende? Soda?"

"Mara moja moja. Krismasi, harusi."

"Na bado yanaoza namna hii. Ndiyo maana nikakunusa, Baba Muhonja." Akashusha sauti kwa mara ya kwanza. "Mate ndiyo askari wa mdomo. Mtoto akivuta moshi kila siku, askari wanalegea, wale wadudu wa meno wanapata nafasi. Sikudanganyi, moshi si kitu cha pekee. Sukari iko, uchafu uko. Lakini nyumba yako inawasaidia wadudu."

Nikajitetea. "Daktari, mimi ndiye navuta. Yeye havuti."

"Mimi si daktari. Na sikiza: wewe unavuta ukitaka wewe. Yeye naye anavuta ukitaka wewe."



Niwaambie hali yangu ilivyokuwa. Mimi ni fundi wa pikipiki. Gereji yangu iko mbele ya nyumba, na wakati ule nyumba ilikuwa chumba kimoja kikubwa tulichokigawa kwa pazia. Kakamega mvua haina huruma. Asubuhi jua linachoma, saa tisa mbingu zinafunguka. Mvua ikianza, nilikuwa naacha spana, naingia ndani, nakaa kwenye ukingo wa kitanda cha Muhonja kwa sababu ndicho kilikuwa karibu na dirisha, nawasha. Alikuwa anapenda kukaa mapajani pangu wakati huo. Tulikuwa tunahesabu matone yaliyoning'inia kwenye waya wa kuanikia nguo. Kwangu hiyo ilikuwa saa tamu kuliko zote za siku. Nani angeniambia kwamba ndiyo iliyokuwa inamwumiza?

Mama Meno ndiye aliyeniambia, na hakuniambia mara moja. Mtu yule alikuwa kichwa ngumu! Kila tulipompeleka mtoto kusafishwa na kuzibwa, alininusa. Niliwahi kubadilisha shati kituoni nyuma ya choo, nikanawa mikono kwa sabuni, nikatafuna majani ya mpera. Akanikaribia, akanusa, akasema, "Leo sigara yako imekula mapera," na korido nzima ikaangua kicheko. Nikacheka pia, ingawa nilikuwa naona haya.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na vituko vyake, na sisi tuliomjua tulivijua vyote. Huyu aliyekuwa akifoka kuhusu sukari, nilimkuta siku moja nyuma ya kibanda cha muwa pale stendi, ameinama, anatafuna muwa kwa bidii, maji yakimtiririka hadi kiwikoni. Aliponiona hakuficha. "Nitapiga mswaki!" akapiga kelele, mdomo umejaa. "Na wewe hujaniona!" Chai yake ilikuwa na sukari ya kusimamisha kijiko. Na huyu aliyewadunga watoto wa watu sindano za ganzi huku akiimba, alikuwa anaogopa sindano kupita kiasi. Muuguzi mmoja alinisimulia kwamba siku wafanyakazi walipoitwa kuchanjwa, walimtafuta Mama Meno hadi wakamkuta amejifungia stoo ya dawa, anadai anahesabu pamba.

Bodaboda nazo! Alizipanda kila siku na kila siku alikuwa anajiandaa kufa. Alifumba macho, akamkumbatia dereva kiunoni, na kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ile yake kubwa, kutoka mjini hadi anakokwenda. Madereva waliokuja gereji kwangu walikuwa wananiambia, "Yule mama namwambianga, mimi niko mbere, naona barabara, wewe tulia. Haskii." Lakini hakuna aliyekataa kumbeba. Wengi wao watoto wao walikuwa wamepita mikononi mwake.

Lile pengo lake lilikuwa na hadithi nyingi mjini. Wengine walisema jino liling'oka akikimbizwa na ng'ombe, wengine kwamba aliling'oa mwenyewe kama mazoezi ya kazi. Nilimuuliza siku moja nikimtengenezea mkanda wa mkoba wake uliokatika. Hakucheka.

"Nilikuwa msichana mdogo, jino likaniuma," alisema. "Kukhu, yaani nyanya yangu, alikuwa anavuta kiko. Akanilaza mapajani, akanipulizia moshi mdomoni, halafu akashindilia ugoro kwenye tundu. Kila siku hivyo. Walikuwa wanaamini inaponya. Jino likafa, na ufizi ukaoza kidogo."

"Pole sana, Mama."

"Pole ya nini? Hakuna mtu amewahi kunipenda kama yule mwanamke." Akaujaribu mkanda, akaona umeshika. "Ndiyo maana mimi sikuchukii, Baba Muhonja. Nakupigia kelele tu."

Sasa nifike kwenye siku ya ukuta.

Ilikuwa alasiri ya mvua, mvua yenyewe ya kumwagika. Nilikuwa nimekaa pale pale kitandani, sigara mkononi, Muhonja ubavuni. Nikasikia wimbo wa kanisani unakuja ndani ya mvua. Kabla sijafahamu, pikipiki ikasimama mlangoni na Mama Meno akaingia, maji yakimchuruzika, bila hodi. Mke wangu alikuwa jikoni, akatoka mbio kumkaribisha, akivuta kiti. Mgeni hakukaa.

"Mama Muhonja, nipe kitambaa cheupe na maji ya moto."

Mke wangu akampa. Mama Meno akapanda kitandani kwa mtoto, viatu na vyote, akapangusa ukuta juu ya mto. Mara tatu. Akashuka, akanifungulia kile kitambaa mbele ya uso. Kilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala.

"Hii ndiyo ukuta umevuta," alisema. "Ukuta hauna mapafu. Hauna mate. Hauna meno. Sasa niambie, huyu mtoto amevuta kiasi gani?"

Jamani. Mtu anaweza kukuaibisha korido ya hospitali ukacheka. Lakini ndani ya nyumba yako, mbele ya mke wako na mtoto wako? Damu ilinipanda. Nikasimama.

"Toka kwangu."

"Baba Muhonja..."

"Nimesema toka! Nani alikuita hapa? Nyumba hii nalipa mimi, mtoto huyu ni wangu. Toka!"

Mke wangu akasema, "Wewe! Huyo ni mgeni, na mvua hii?" Lakini Mama Meno alikuwa ameshageuka. Sikumwona amekasirika. Aliweka kitambaa mezani taratibu, akajitanda leso yake yenye maji, akatoka kwenye mvua. Hakuimba akiondoka. Hilo lilinisumbua zaidi ya yote.

Mvua ikaendelea kupiga mabati. Muhonja akateremka kitandani, akakiendea kile kitambaa, akakigeuza geuza.

"Baba, kwani ukuta unavutanga sigara?"

Nikasema hapana.

"Sasa nani alimpea?"

Nilitoka nje nikasimama chini ya mvua hiyo hiyo kama mjinga.

Ningependa kusema niliacha siku ile. Sikuacha. Niliacha kuvutia ndani, hilo kweli, na mke wangu na mimi tulisugua kuta zote nne kwa sabuni ya unga siku nzima ya Jumamosi, tukafua mapazia, neti, blanketi, maji yakitoka meusi tukatazamana. Lakini kuacha kabisa kulinishinda. Mara ya kwanza nilikaa siku tano, nikawa mkali kama nyuki, nikamtukana mteja, nikanunua sigara. Mara ya pili nilifika mwezi mmoja, tukaenda matanga kwa binamu yangu, wanaume wamekaa wanavuta, nikanyoosha mkono kabla sijafikiri. Nilirudi nyumbani nikiwa nanuka, na Muhonja alikuja kunilaki, akasimama hatua mbili mbali. Akarudi ndani.

Na wakati huo yale magego mawili yalikuwa hayaokoleki tena.

Siku ya kung'oa nilimpeleka mwenyewe. Sikuwa nimeonana na Mama Meno tangu nilipomfukuza. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kuomba msamaha, kila neno mahali pake. Nilipofika mlangoni mwake yote yalitoweka. Nikasimama na mtoto mkononi, nikasema tu, "Mama, nimeshindwa mara mbili."

Alinitazama. Kisha akanikaribia, nikajua ananusa, nami nikasimama wima kama askari.

"Leo ni siku ya ngapi?"

"Ya tisa."

"Tisa!" akapaza sauti, korido yote ikageuka. "Huyu baba ana siku tisa! Mpigieni makofi!" Na wale akina mama, wasionijua, wenye watoto wanaolia, wakapiga makofi. Mzee mmoja aliyekuja na jino lake alipiga mluzi. Sijawahi kushangiliwa hivyo maishani, hata siku ya harusi yangu.

Alimwimbia Muhonja wimbo wote wa ganzi. Mtoto alishika kidole changu, akakibana hadi kikafa ganzi nacho. Magego yakatoka, moja, la pili. Muhonja hakupiga ukelele. Mimi ndiye niliyelia, na Mama Meno akanipa pamba aliyokuwa amemwandalia mtoto.

Kuanzia hapo sikuvuta tena. Njugu karanga nilizotafuna zingejaza magunia. Mikono ilitetemeka, nilinenepa, nilikosana na majirani, nikapatana nao. Meno ya mbele yaliyokuwa na michirizi yaliacha kuharibika zaidi. Kila miezi kadhaa tulikwenda, naye alichungulia kwa kioo chake kidogo na kusema, "Yamesimama. Yamesimama hapo hapo." Mara moja alifurahi hadi akacheza ngoma ya isukuti pale katikati ya chumba, mabega yakitikisika, viatu vikilia chwi chwi.

Lakini siku niliyoipenda kuliko zote ni hii. Muhonja alikuwa na miaka sita. Jino la mbele la chini lilikuwa limedondoka wiki kadhaa kabla, nami kila asubuhi nilikuwa nampiga tochi mdomoni kabla ya shule. Asubuhi hiyo nikaona ukingo mweupe, wenye vimeno vidogo kama msumeno, umechomoza kwenye ufizi. Mweupe! Safi! Nilipiga kelele hadi mke wangu akaangusha sufuria.

Sikufikiri. Nilimpakia Muhonja kwenye pikipiki ya mteja, iliyokuwa haijafungwa hata kioo cha pembeni, tukaenda kituoni. Nikapita foleni nikisema samahani, samahani, si ugonjwa. Nikafungua mlango. Mama Meno alikuwa na mwanamume mzima kitini, mdomo wazi, pamba pande zote.

"Limetoka!" nikasema. "Mama, limetoka!"

Akamwacha yule bwana hivyo hivyo. Akaja mbio, akamshika Muhonja kidevu, akamulika. Akageuza kioo chake huku na huku hadi nikaanza kuogopa. Halafu akasema polepole, "Hili ni la kuishi nalo. Hili atalizeekea." Akanishika mkono, macho yamejaa maji, anacheka na lile pengo lake lote liko nje. Yule bwana kitini akainua kidole gumba. Hakuweza kusema.

Miaka miwili baadaye alistaafu. Tulimfanyia sherehe ndogo kituoni, akala keki vipande vitatu akitutishia tusimwangalie. Baada ya hapo sikumwona. Simu yake haikushika tena.

Hadi mwaka huu. Nilikwenda Matete siku ya soko kutazama injini ya pikipiki iliyokuwa inauzwa. Muhonja, sasa ana miaka kumi na miwili, alikuja nami kwa kuwa shule zimefungwa. Tulikuwa tunapita penye maharage nikasikia, "Baba Muhonja!" na hakuna sauti nyingine kama hiyo katika kaunti nzima. Alikuwa amekaa nyuma ya debe la maharage, amepungua, nywele nyeupe. Akamwita Muhonja, akamwambia afungue mdomo pale pale sokoni, na binti yangu mkubwa, anayeona haya hata kunywa chai mbele ya watu, akafungua. Mama Meno akaangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Mazuri," akasema. "Mazuri kabisa." Lakini hakupiga kelele, na nikaona ana jambo.

Akamwachia jirani maharage, akatupeleka nyumbani kwake, si mbali na soko. Uani kulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitatu hivi, akakimbia kumkumbatia bibi yake magotini. Alipocheka niliyaona meno yake ya mbele. Michirizi ile ile ya kahawia. Sikuhitaji kioo wala taa.

"Mjukuu wangu," akasema Mama Meno. "Baba yake ni kitinda mimba wangu. Wanaishi hapa, mama yake yuko kazini Nairobi." Akaelekeza kidevu nyuma ya jiko, ambako moshi mwembamba ulikuwa unapanda, na haukuwa wa kuni. "Nimempigia kelele miaka mitatu. Nimepangusa ukuta wake. Nimemnusa mbele ya wakwe zake, mbele ya pasta. Amekuwa ananikimbia. Sasa nikiwa nyumbani, akitaka kuvuta anamchukua mtoto anaenda naye mbali, nisione."

Mwanamke huyu alikuwa ameokoa vinywa vya nusu ya mji wetu.

"Nieleze ulivyoacha," akasema.

"Mama, wewe ndiye uliyeniachisha."

"Hapana. Mimi nilikuaibisha. Sijui kitu kingine. Sijawahi kuvuta maishani, sijui inashika mtu wapi." Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Ile siku uliniambia umeshindwa mara mbili, nilipiga makofi tu. Sikukuuliza ulishindwa namna gani. Hiyo ndiyo sijui. Nenda umwambie hiyo."

Muhonja alikuwa ameshachuchumaa mbele ya yule mtoto, mdomo wazi, anahesabiwa meno. Nikawaacha, nikazunguka jiko.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, amekaa kwenye benchi la mbao karibu na mahindi. Aliponiona aliificha sigara nyuma ya goti na kuinuka, akijiandaa kuondoka.

"Mama amekutuma," akasema.

"Amenituma. Kaa, usiizime. Mimi ni fundi wa pikipiki, nimevuta miaka kumi na moja." Moshi wake ulinifikia na, naapa, koo langu bado lilikumbuka. "Nimekuja kukuambia vile nilishindwa kuacha."

"Vile ulishindwa?"

"Mara mbili. Ya kwanza nilimtukana mteja."

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza akinitazama usoni. Akaiangusha ile sigara, akaikanyaga, akasogea upande mmoja wa benchi. Nikakaa.